Fundi na Boti ya Urefu wa Mkono

Akisomewa ukurasa huu, Fundi atasikiliza akiwa amefumba macho, kisha atauliza kwa nini nimetumia maneno mengi kwa kazi ndogo. Ndivyo alivyo. Mimi nilifundisha dini kwa zaidi ya miaka thelathini, na maneno ndiyo yaliyokuwa vifaa vyangu. Yeye alitengeneza boti za wavuvi kwenye ghuba ya Karungu kwa muda mrefu kuliko huo, na sijapata kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo isipokuwa akiwa anabishana.

Kila mtu humwita Fundi. Wako mafundi wengine pale ufuoni, wa injini, wa nyavu, wa simu, lakini hao huitwa kwa majina yao. Ukiuliza Fundi bila kuongeza kitu, utaelekezwa kwenye kibanda cha mabati karibu na mahali pa kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani.

Nilipoletwa Karungu kuwa katekista sikujua hata kushika kasia. Mimi ni Mkuria, na Kijaluo changu mpaka leo kinawachekesha akina mama sokoni. Kwa hiyo mimi naye tulizoea Kiswahili, nacho alikitoa kidogo kidogo, kama mtu anayehesabu misumari iliyobaki.

"Katekista," aliniambia wiki ya kwanza, "nyinyi watu wa ng'ombe maji mnayajua ya kunywa tu."

"Na nyinyi watu wa samaki maziwa mnayajua ya chai tu."

Akacheka, akanisogezea kigoda. Urafiki wetu ulianza hapo na haukuhitaji hotuba nyingine.

Mtu akitaka kumwelewa Fundi inambidi aanze na kiganja chake cha kulia. Boti ikishakwisha, mbao zimepigiliwa, nyufa zimezibwa kwa pamba na lami, hakuitoa kibandani kabla hajaizunguka yote akiwa amefumba macho, kiganja kikiteleza juu ya kila ukingo. Mahali kiganja kilipokwama alisimama, akachukua randa, kisha msasa, kisha akaanza mzunguko upya. Ukingo mkali, alisema, ni kama mdomo mkali, jiwe la kwanza linaupasua. Tena unakata nyavu na kuchana mikono ya wanaovuta. Boti zake zote zilikuwa na kingo za mviringo, laini kama mpini wa jembe la zamani.

Desturi ya pale ni kwamba boti mpya haishuki majini watu wakiwa na njaa. Mwenye boti huandaa chakula, akina mama huimba, nami niliitwa kuomba. Siku moja chakula kilikuwa tayari, nyimbo zimeanza, na Fundi akasimama ghafla upande wa nyuma wa boti. Kiganja kilikuwa kimekwama. Akarudi kuchukua randa.

"Fundi, yawa! Wali unapoa!" mwenye boti akalia.

"Wali ukipoa utapashwa moto."

Tulingoja mpaka jua likahama upande. Wali ulipashwa moto, na boti ile iko majini mpaka leo.

Lakini mtu huyu aliyetengeneza boti nyingi vile hajui kuogelea, na sijapata kumwona ndani ya boti iliyoondoka ufuoni. Nilimuuliza sababu. "Fundi wa jeneza naye hulala ndani?" akanijibu. Kanisani aliketi karibu na mlango akasinzia tangu somo la kwanza, lakini ukimuuliza Jumatano alikumbuka mahubiri vizuri kuliko mhubiri. Alikataa kabisa kuomba kwa sauti. Hata hivyo, mwaka mmoja tulifika ibadani tukakuta benchi zote zimepigwa msasa pembeni, kwa sababu alikuwa ameona soksi ya mtoto imenasa kwenye kibanzi. Hakumwambia mtu. Tulimjua kwa kazi yenyewe, maana hakuna mwingine ambaye angejisumbua na upande wa chini wa benchi, mahali pasipoonekana.

Namshukuru Mungu kwa watu wa namna hiyo. Nimewafundisha wengi habari za kutenda mema kwa siri, na mara nyingi nilikuwa nikimfikiria yeye.

Kisha akapigwa na kiharusi. Alianguka asubuhi kibandani, kando ya boti aliyokuwa ameianza, na akina mama wa omena walimkuta jua likiwa utosini. Mkewe alikuwa ameitwa na Bwana zamani, na Fundi aliishi peke yake. Binti yake Akinyi alikuja kumchukua, akakaa naye miezi kadhaa Homa Bay, ambako anafanya kazi hospitalini akiwafundisha wagonjwa kutumia tena viungo vilivyolegea. Fundi alirudi Karungu akitembea kwa fimbo. Mdomo uliokuwa umepinda ulikuwa umenyooka. Vidole vya mkono wa kulia vilifunga na kufunguka. Ila kiganja kilikuwa kimekufa ganzi.

"Ni kama nimevaa glavu," aliniambia, "na hakuna anayeiona ili anivue."

Mvuvi mmoja alimletea mbao. Fundi alipitisha kiganja juu ya ubao wa kwanza, akapitisha tena, kisha akauweka chini polepole. "Sisikii kitu," akasema. "Peleka kwa mwingine." Yule mvuvi alibisha, akabembeleza, mwisho akabeba mbao zake. Kibanda kilibaki wazi kila siku, Fundi ndani yake, bila boti.

Akinyi akaanza kuja kila mwisho wa wiki na neno moja tu: baba ahamie kwake kabisa. Siku moja nilikuwepo.

"Baba, siku ile ulilala chini muda gani?"

"Sikuwa na saa."

"Ukianguka tena?"

"Nitaanguka kwangu."

"Umesikia, Katekista? Anaongea kama mtu mwenye shingo mbili."

Hakuwa mkorofi, Akinyi. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na haki. Lakini mimi niliyemwona Fundi kila siku nilijua pia kwamba kumtoa pale ufuoni ni kumng'oa.

Siku hiyo alikuwa amekuja na boksi. Daktari mgeni aliyefanya naye kazi alipohama alimwachia, halijafunguliwa. Ndani mlikuwa na vipande vya plaiwudi nyembamba kama jalada la kitabu, vimekatwa tayari na kupewa namba, pamoja na mota ndogo ya umeme, betri, propela ya saizi ya sarafu, na rimoti yenye kifyatulio kama cha bastola na gurudumu dogo la kugeuzia. Ukiunganisha vyote unapata boti ya mashindano, urefu wa mkono wangu kutoka bega hadi vidole, inayoendeshwa na mtu aliyesimama ufuoni. Akinyi aliileta kama zoezi la mkono. Juu ya boksi palikuwa na picha ya boti hiyo ikiwa majini, pua juu, tumbo hewani, inagusa maji kwa propela na viatu viwili vya mbele tu, yaani vile vipande vinavyochomoza ubavuni mwake.

Fundi aliitazama sana ile picha. "Hii imeruka," akasema. "Boti ikiruka ni ajali."

"Si ajali, Baba. Ndivyo inavyokimbia."

"Haiwezekani."

Nadhani neno hilo ndilo lililompa Akinyi wazo. Alivuta kigoda akaketi mbele ya babake. "Basi sikia. Itengeneze wewe mwenyewe, asikushikie mtu hata kibanio. Ikipaa juu ya maji kama hapo kwenye picha, mkono wako unafanya kazi, na mimi sitakusumbua tena. Ubaki hapa. Lakini Pasaka ikifika haijapaa, unakuja kukaa na mimi. Moja kwa moja."

Fundi aliangalia kibanda chake, ukuta hadi ukuta.

"Katekista ni shahidi," akasema.

Sikuwa nimeulizwa.

Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, nami nilisomeshwa Kiingereza kidogo na mapadre, kwa hiyo Akinyi aliniruhusu kusoma. Kusoma si kushika. Kila asubuhi baada ya sala niliketi na karatasi zile, nikisoma polepole na kumfasiria, naye akibishana na mwandishi kama vile yuko nje mlangoni.

"Anasema propela ikae nusu ndani ya maji, nusu nje."

"Huyo amelewa."

"Imechorwa hapa, Fundi."

"Basi na mchoraji walikunywa pamoja."

Lakini aliiweka nusu nje. Alifuata mengi aliyoyakataa kwa mdomo. Nilimwona akitumia asubuhi nzima kuingiza waya wa chuma unaozungusha propela ndani ya bomba lake, mkono wa kulia ukitetemeka, jicho likifanya kazi ambayo zamani ilikuwa ya kiganja. Kipande kikianguka alikiokota mwenyewe. Niliificha mikono yangu chini ya karatasi nisije nikasahau sharti nikamsaidia.

Gundi aliyopewa ilikuwa ya kukauka haraka, na vipande alivibana kwa vibanio vya nguo. Asubuhi moja aliondoka kibandani kwenda kununua sukari, akawasalimia akina mama wa omena kwa kuinua mkono kama kawaida yake. Kelele zilizotoka pale! Kibanio kilikuwa kimegandia katikati ya kiganja chake, kinaning'inia, naye hana habari.

"Jaduong', mzee wetu, umeanza kuvaa hereni za mkono?"

"Anajianika mwenyewe! Geuzeni upande wa pili!"

Alikiangalia kile kibanio, akacheka pamoja nao. Aliporudi ndani hakucheka tena. Alikiondoa kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, na ngozi ilipochubuka hakukunja uso hata kidogo.

Tulifika kwenye viatu vya mbele, vile vinavyogusa maji. Nikasoma kwamba kingo za chini ziachwe kali, zisipigwe msasa zikawa mviringo.

"Hapo ruka," akasema Fundi.

"Limewekewa mstari chini, neno lenyewe."

"Huyo mtu hajawahi kuona mawe ya Karungu. Ruka, omera."

Nikaruka. Kwa siku mbili alizungusha zile kingo kwa msasa mpaka zikawa kama za boti zake zote. Aliponiambia nizipime kwa kiganja changu, kwa kuwa chake hakisikii, nilizipapasa na kusema kweli kwamba ni laini sana. Nilijivuna kidogo, Mungu anisamehe, kwamba mtu wa ng'ombe amefanywa kiganja cha Fundi. Kisha akaipaka rangi nzito mara tatu, buluu, kama boti ya kuvua.

Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi tuliishusha majini. Akinyi alikuja kutoka Homa Bay. Akina mama waliacha omena zao wakaja na kikombe kimoja cha uji, kwa sababu, walisema, boti ndogo ina njaa ndogo.

"Fundi, hii inabeba omena wangapi?"

"Mmoja. Na asiwe na mizigo."

Nikaomba, kifupi. Tukanywa uji ule, kila mtu funda moja. Kisha Fundi akaomba Akinyi aendeshe, ili isisemwe baadaye kwamba alicheza na rimoti.

Mota ililia. Boti ilisogea, lakini pua haikuinuka. Ilisukuma maji mbele yake kama fahali anayelima. Akinyi akaongeza mwendo, ikaegemea upande mmoja, ikazunguka kama bata aliyevunjika mguu. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu ilijaribu kama inataka kuinuka, ikavutwa chini, ikapinduka. Ikabaki inaelea tumbo juu, buluu, na propela ndogo inazunguka hewani mpaka Akinyi akaachia kifyatulio.

Hakuna aliyecheka. Wale akina mama wenye utani wa kila namna walitazama miguu yao.

"Haikupaa," Fundi akasema.

"Baba, Pasaka bado wiki moja na zaidi," Akinyi akasema haraka.

"Ya nini? Boti nimeimaliza. Nimeitengeneza mwenyewe, na haikupaa." Akanigeukia. "Shahidi, umeona?"

Nilitamani kusema sikuona. "Nimeona," nikasema.

Alikunja nguo zake mwenyewe, akakunja na turubai la kitandani, akafunga kibanda. Saa tisa hakuwa tena Karungu. Nilijua maisha yangu yote kwamba mtu mwadilifu hushika neno lake hata likimuumiza, na nimelisema mara nyingi nikiwa nimesimama mbele ya watu. Siku hiyo nililiona likitembea na fimbo kuelekea barabarani, na sikulifurahia.

Karatasi za maelezo zilibaki kwangu, ndani ya kitabu cha nyimbo. Nilizikuta siku ya Pasaka yenyewe, nikazisoma kwa huzuni tu, kama mtu anavyosoma barua za zamani. Nikafika pale tuliporuka. Baada ya ule mstari palikuwa na mwingine, ambao sikuufikia siku ile kwa sababu niliambiwa niruke nami nikatii. Ulieleza kwamba ukingo mkali ndio unaoyakata maji yaachane na boti. Ukiwa mviringo maji hupanda juu yake na kuing'ang'ania, na boti haitainuka kamwe.

Nikampigia simu.

"Fundi, tuliruka kitu."

Nikamsomea.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Kwa hiyo breki niliifunga mimi mwenyewe," akasema. Halafu: "Nimekosea, Katekista. Si mkono. Mkono ulifanya nilichouambia."

Katika miaka yote ile hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Fundi akisema amekosea. Nilitarajia sauti ya mtu aliyevunjika. Ilikuwa sauti ya mtu anayetafuta msasa.

Nilikwenda kumwona baada ya Pentekoste. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya Akinyi, chini ya kamba ya nguo, boti imelazwa magotini tumbo juu. Alikuwa ameikwangua rangi yote. Kingo za mviringo alizikata, akagandisha vipande vyembamba vya mbao mahali pake, akavisugua juu ya kioo cha dirisha kilichofunikwa msasa mpaka vikanyooka. Ilikuwa kazi ya wiki nyingi na hakuna aliyemwagiza. Neno la Pasaka lilikuwa limekwisha na alikuwa amelilipa.

"Sasa inapaa?" nikauliza.

"Sijui. Lakini sasa ni kazi iliyofanywa sawa."

Akafumba macho, akapitisha kiganja cha kulia kwenye ukingo, kwa mazoea tu. Ghafla akauvuta mkono. Mstari mwembamba mwekundu ulikuwa umetokea chini ya kidole cha shahada. Aliutazama. Hakuitazama boti.

"Akinyi!"

Akinyi alitoka mbio na unga mikononi, uso umebadilika. "Umeanguka?"

"Imeniuma."

"Nini?"

"Imeniuma, nyathina, mwanangu. Hapa. Nimesikia."

Akinyi alifuta mikono, akapiga magoti, akashika kiganja cha babake. Alimwambia afumbe macho. Akachukua kalamu mfukoni mwangu bila kuniomba, akaanza kumgusa kwa ncha yake.

"Hapa?"

"Ndiyo."

"Hapa?"

"Hapo bado."

"Na hapa?"

"Kidogo. Kama mtu anabisha nyumba ya jirani."

Akinyi alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Mimi nilijifanya ninatazama nguo kwenye kamba.

Alasiri tulikwenda ziwani. Upepo ulikuwa umesukuma magugumaji pembeni na kuacha uwanja wa maji safi. Fundi aliingia hadi magotini, akaiweka boti kwa mikono yote miwili, akarudi. Akinyi alikuwa na rimoti. Boti ilianza kwa kulima maji kama siku ile. Kisha sauti ya mota ikapanda, pua ikainuka, na boti yote ikatoka kwenye maji. Sijui namna nyingine ya kulisema. Ilikwenda juu ya maji, nyuma yake mkia mrefu wa maji meupe, ikageuka mbali kule, ikapita mbele yetu kama mtu aliyeitwa jina.

Fundi alisimama, suruali imelowa, kichwa ameinamisha upande kidogo kama anavyosikiliza mahubiri.

Akinyi aliirudisha karibu, ikatulia ikielea.

"Pasaka ilipita, Baba," akasema.

"Najua."

"Ilipita na haikupaa."

"Najua. Mimi sijaomba kitu."

Akinyi alichezacheza na lile gurudumu dogo. "Ukirudi Karungu, simu utaichaji kila siku?"

Fundi akamgeukia. "Nitaichaji."

"Na Katekista anakupitia kila asubuhi. Kila asubuhi, si ukijisikia."

"Nitapita," nikasema.

"Apite," akasema Fundi. Akafikiri. "Lakini aje ameshakunywa chai kwao."

Akinyi alikuwa amebana kifyatulio tena, na boti ilipoinuka na kuelekea upande wa matete, alivua viatu akakimbia nayo ufuoni.